Hofu ya Mchezo Isigeuke Msiba

Vyombo vingi aviundavyo binadamu huundwa ili vimwondolee hofu. Nyumba hutuondolea hofu ya mvua na baridi. Daraja hutuondolea hofu ya mto uliofurika. Dawa hutuondolea hofu ya maradhi. Lakini kiko chombo kimoja ambacho hujengwa kwa chuma na saruji na kwa fedha nyingi kusudi kimtie mtu hofu, na mtu huyo hulipa kiingilio kwa furaha ili atiwe hofu hiyo. Chombo hicho ni mtelezo wa maji: ile njia ndefu mfano wa mfereji, iliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo mtu hupanda ngazi mpaka kileleni, akakaa katika maji yatiririkayo, kisha akaserereka mpaka bwawani huku moyo ukimdunda.

Huenda wako watakaouliza: je, michezo ya watoto ni jambo la kujadiliwa na watu wazima wenye kazi nyingi? Sisi twajibu kwamba ni jambo zito, na sababu zake ni mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba kupumzika na kucheza ni haki ya mfanyakazi na ya mtoto wake, wala si zawadi apewayo na mtu mkarimu. Sababu ya pili ni kwamba mwenye kuuza hofu amejitwika dhamana kubwa kuliko mwenye kuuza unga au sabuni. Mwuza unga huahidi jambo moja, kwamba unga wake ni mwema. Mwenye mtelezo huahidi mambo mawili kwa pamoja: “Utaogopa, lakini hutaumia.” Ahadi ya kwanza ni rahisi kutimiza, maana urefu peke yake watosha kumwogofya mtu. Ahadi ya pili ndiyo yenye gharama, na ndiyo ambayo mlipa kiingilio hawezi kuikagua mwenyewe akiwa amesimama mlangoni na watoto wake.

Kwa hiyo twashika neno moja katika makala haya: mtelezo usipimwe kwa urefu wake wala kwa wingi wa rangi zake, bali upimwe kwa ulinzi wake na kwa idadi ya watoto wa wafanyakazi wawezao kuupanda.

KALOLENI NA SAA ZA MAPUMZIKO

Twauanza mjadala huu Kaloleni, katika jiji la Arusha, na hatukuichagua kata hiyo kwa bahati. Ndipo lilipo jengo ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana kuanzia tarehe 26 mpaka 29 Januari 1967, likazaliwa Azimio la Arusha lililotangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Leo jengo lile ni makumbusho, na wageni huonyeshwa picha na maandishi ya siasa. Lakini wengi husahau kwamba kabla ya mkutano ule jengo lilikuwa ukumbi wa jamii, mahali pa watu wa mji kukutana na kuburudika baada ya kazi. Katika kata hiyo hiyo upo uwanja wa michezo wenye jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na kiongozi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, ambaye alifariki mwaka 1964 akiwa waziri. Ukumbi na uwanja vinatukumbusha kwamba mji uliojengwa kwa akili haukuwajengea watu mahali pa kazi na pa kulala tu.

Sheria zetu nazo zalitambua jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kuwa kikomo cha saa za kawaida za kazi kwa juma, na imempa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, katika mambo ambayo mzazi au mlezi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeweka kifungu kizima, cha 31, kwa ajili ya mapumziko na michezo.

Basi sheria imempa mfanyakazi siku yake, na imempa mtoto haki yake. Iliyobaki ni kuulizana waende wapi. Watoto wa Kaloleni, Levolosi, Ngarenaro na Unga Limited hawakungoja jibu letu. Mtoto akiona kilima chenye utelezi hutafuta gome la mgomba au kipande cha dumu, akakikalia na kuserereka. Akiona mto huvua nguo akaingia. Huo ni mtelezo wa maji uliojengwa na watoto wenyewe bila mhandisi, bila mlinzi na bila kiingilio. Walakini mito ishukayo kutoka Mlima Meru, kama vile Themi na Naura, si bwawa la kuchezea. Wakati wa masika maji hushuka ghafula kutoka mlimani hata kama mjini hakunyesha, na katika mabonde hubeba takataka na mawe. Arusha haitasahau Aprili 2024, wakati basi la shule liliposombwa na mafuriko na watoto wakapoteza maisha.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Kwa hiyo bwawa lililo wazi kwa umma, lenye waokoaji na walimu wa kuogelea, lisihesabiwe kuwa anasa. Mtoto akijifunza humo kuogelea atakuwa amepata elimu itakayomfaa siku ya mafuriko na siku ya kuvuka ziwa.

MLIMA WETU HUKO BRAZIL

Kwa mtu wa Arusha, bustani za maji zijulikanazo ziko mbali. Iliyo mashuhuri nchini ni ile ya Kunduchi, ufukweni kaskazini ya Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kivutio cha watoto siku za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya. Majirani zetu wa Kenya wana bustani ya namna hiyo Nyali, Mombasa. Kutoka Kaloleni mpaka Kunduchi ni safari ya zaidi ya kilomita 600, na nauli ya baba, mama na watoto watatu kwenda na kurudi humaliza fedha kabla hawajafika mlangoni.

Liko na jambo lingine la kuchekesha na kufikirisha. Katika mji wa Barra do Piraí, katika jimbo la Rio de Janeiro nchini Brazil, uko mtelezo wa maji wenye urefu wa mita 49.9 kwenda juu, uliojulikana duniani kwa kuwa mrefu kupita yote ambayo mtu huteleza kwa mwili wake bila boya. Wenyewe waliupa jina la Kilimanjaro. Watu wa nchi ya mbali walitafuta jina la kumwogofya mtu kwa kimo, wakaona halipo jina lifaalo kuliko la mlima ambao mtoto wa Arusha huuona kukipambazuka vizuri. Wao wamelichukua jina na kulifanyia mchezo. Mtoto akaaye chini ya milima yenyewe bado anautamani mtelezo ulio salama. Hatuwalaumu Wabrazili, maana jina la mlima halikatazwi mtu. Twasema tu kwamba ikiwa wao waliweza kulijengea jina letu, nasi twaweza kuwajengea watoto wetu.

Lakini tusikimbilie kushindana kwa mita. Mji usio na mtelezo ukitaka kuwa na mrefu kuliko yote utakuwa kama mtu asiyejua kuogelea anayetaka kuanzia kilindini.

JINSI MTELEZO UJENGWAVYO

Yafaa kila mwananchi aelewe kazi hii, kwa maana asiyeelewa hawezi kuuliza swali la haki. Mtelezo wa kisasa hufanywa kwa vipande vya faibaglasi vilivyofinyangwa kiwandani, kisha huunganishwa mahali pa ujenzi kwa bolti, kipande kwa kipande, juu ya nguzo za chuma zilizosimikwa katika msingi wa zege. Pampu huvuta maji kutoka bwawa la chini na kuyapandisha kileleni, nayo hushuka tena pamoja na mchezaji. Maji hayo ndiyo yafanyayo mwili uteleze badala ya kukwaruzwa. Pampu ikisimama ghafula, mtelezo huwa kama barabara kavu.

Mwendo wa mchezaji hutokana na kimo. Kitu kikianguka kutoka mita 10 bila kuzuiwa na chochote hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Kutoka mita 20, karibu kilomita 71. Msuguano wa mwili na njia hupunguza mwendo huo, lakini haupunguzi sawasawa kwa watu wote. Mzito na mwepesi hawashuki sawa, wala aliyelala chali na aliyekaa hawashuki sawa. Ndiyo sababu mhandisi hukokotoa kila kona: kuta za kona ziinuliwe kiasi gani ili mtu asirushwe nje, na sehemu ya mwisho iwe ndefu kiasi gani ili mwendo upungue kabla ya mtu kugusa ukingo wa bwawa. Nchi za Ulaya zina viwango maalum vya mitelezo ya maji, vijulikanavyo kwa namba EN 1069, vielezavyo namna ya kuijenga, kuipima na kuiendesha. Viwango hivyo vinasomeka na vinaweza kufuatwa mahali popote.

Makosa ya fundi katika kazi hii hayaonekani kwa jicho la mlipa kiingilio. Kiungo cha vipande viwili kikipishana kwa unene wa kucha tu, hugeuka kisu kwa mgongo wa mtoto ashukaye kasi. Bolti iliyolegea haipigi kelele. Chuma kilichochomelewa vibaya hupakwa rangi kikapendeza. Taifa letu limekwisha kulipia makosa yasiyoonekana: mwaka 2013 ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30, na Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Watu walionunua na kuuza katika jengo lile la Kariakoo hawakuwa na njia ya kuujua udhaifu wake.

SOMO LA KANSAS

Ili tusidhani kwamba misiba ya namna hii hutokea kwa maskini peke yao, tutazame Marekani, nchi yenye bustani za maji nyingi mno. Julai 2014, katika mji wa Kansas City, jimbo la Kansas, ulifunguliwa mtelezo wenye kimo cha mita 51. Wenyewe waliupa jina la Kijerumani, Verrückt, maana yake “kichaa”. Watu watatu walikaa katika boya moja, wakashuka ukuta mkali, kisha wakapandishwa juu ya nundu ya pili kabla ya kufika mwisho.

Dalili mbaya zilionekana mapema. Wakati wa majaribio, maboya yaliyopakiwa mifuko ya mchanga yaliruka nje ya njia. Sababu yake yaeleweka na kila dereva: gari likipita juu ya tuta kwa kasi kupita kiasi, magurudumu huacha ardhi. Wajenzi waliubadilisha mteremko, na juu yake wakaweka wavu ulioshikiliwa na pete za chuma. Ufunguzi uliahirishwa zaidi ya mara moja, kisha mtelezo ukafunguliwa na watu wakapanga foleni. Tarehe 7 Agosti 2016 boya liliruka katika nundu ile ile ya pili, na mvulana wa miaka 10 akapigwa na vyuma vilivyowekwa ili vimlinde. Alifariki papo hapo.

Baba wa mtoto huyo alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Wala cheo cha baba hakikumlinda mwana, kwa sababu sheria za Kansas za wakati ule zilikuwa legevu kuhusu ukaguzi wa vyombo vya michezo. Mwaka uliofuata bunge hilo lilitunga sheria kali zaidi. Mtelezo ulibomolewa mwaka 2018, na mashtaka ya jinai yaliyofunguliwa yalifutwa mahakamani mwaka 2019.

Somo letu ni hili. Kwanza, sheria iliyokuja baada ya mazishi ingeweza kuja kabla yake. Pili, watu waliotaka sifa ya kuwa na mtelezo mrefu kupita yote duniani waliona dalili kwa macho yao wakaendelea. Mwenye kushindania kimo huona kila onyo kuwa ni adui wa sifa yake.

TUSIISAHAU TABORA

Hata hivyo, mtelezo waweza kujengwa vema kabisa na bado ukaua, ikiwa wanaouendesha hawajui kuhesabu watu. Hapa hatuna haja ya kwenda Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idi el Fitri, watoto wa Tabora walivalishwa nguo mpya wakapewa fedha za sikukuu, wakaenda kucheza dansi katika ukumbi mmoja wa mjini. Waliingizwa wengi kupita uwezo wa ukumbi. Hewa ikawa haba, watoto wakakanyagana, na watoto wapatao 20 wakafa. Jengo halikuanguka wala moto haukuwaka. Waliuawa na tamaa ya kiingilio na kukosekana kwa mtu wa kusema mlangoni, “Basi, pamejaa.”

Miaka kumi baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Ukumbi wa Tabora ulikuwa nchi kavu na kivuko kilikuwa ziwani, lakini kosa lilikuwa moja.

Katika mtelezo kosa hili hutokea kwa njia ya pekee. Ajali iogopwayo sana ni ya mtu kumgonga mwenzake aliyetangulia: wa kwanza amefika bwawani na hajatoka, wa pili amekwisha kuachwa aje. Dawa yake haihitaji mtambo wa thamani. Yahitaji mtu mmoja kileleni na mmoja chini, waonanao au wapeanao ishara, na yule wa juu asimruhusu mtu mpaka wa chini ainue mkono. Siku ya kawaida hilo ni jambo jepesi. Siku ya Idi, foleni ikiwa imejaa ngazi nzima na watoto wakisukumana na kupiga kelele, yule kijana wa juu ndiye serikali yote ya mahali pale. Ikiwa amesimama tangu asubuhi bila kula wala kupokewa zamu, au ikiwa meneja humkaripia kwamba foleni haiendi, ile ahadi ya “hutaumia” imekwisha kuvunjwa kabla mtoto hajakaa majini.

WAFANYAKAZI WA BUSTANI

Kwa hiyo usalama wa mtoto hauwezi kutenganishwa na hali ya mfanyakazi anayemlinda. Bustani ya maji ni mahali pa burudani kwa mlipa kiingilio, lakini kwa waliomo ni mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawahusu kama inavyomhusu mtu wa kiwandani. Yuko fundi anayepanda nguzo kukaza bolti: ana mkanda wa kumshikilia? Yuko mtunza pampu anayeshika klorini: amefundishwa kwamba klorini ya bwawa ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya sumu, na kwamba kamwe visiwekwe chumba kimoja bila utaratibu? Yuko mwokoaji: anajua kweli kuogelea na kumrudishia pumzi aliyezama, au amevalishwa fulana yenye maandishi tu?

Hata maji yenyewe hutaka mtaalamu. Klorini ikiwa kidogo, maradhi ya tumbo huenea kwa watoto wote wa siku ile. Ikizidi, macho na ngozi huwasha. Kwa kawaida hutunzwa baina ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na hupimwa mara kadhaa kwa siku, hasa watu wakiwa wengi. Tena mahali pampu inapovuta maji chini ya bwawa pana nguvu ya kunasa nywele na hata mwili wa mtoto. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulazimisha vifuniko salama katika matundu hayo, baada ya msichana wa miaka 7 kunaswa na kufa mwaka 2002. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo. Lakini kikivunjika, bwawa lifungwe siku hiyo hiyo.

MAJI YA MERU

Liko swali ambalo mwananchi wa Arusha atauliza bila kuchelewa: maji yatatoka wapi? Ni swali la haki. Kwa miaka mingi mitaa ya jiji imeyajua maji ya mgawo na ndoo za kununua. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliogharimu shilingi zipatazo bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudiwa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 mpaka lita milioni 200 kwa siku. Maji yaliyopatikana kwa deni la wananchi yasianze kujaza mabwawa kabla ya kufika jikoni.

Walakini tuseme kweli yote. Maji ya mtelezo hayamwagwi. Huzungushwa na pampu, huchujwa na kutumika tena, na yanayopotea ni yale ya mvuke, ya kurushwa nje na ya kusafishia machujio. Zaidi ya hayo, ardhi ya volkano ya Meru imetupa jambo ambalo laweza kugeuzwa faida. Maji ya mito na visima vingi vya huku yana floridi nyingi. Mto Maji ya Chai ni mfano ujulikanao, na watu wengi wa upande ule wana meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda, kwa sababu ya kunywa maji hayo tangu utotoni. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Meru hukipita. Lakini madhara ya floridi huja kwa kunywa miaka mingi, si kwa kuoga. Basi kisima kisichofaa kwa kunywa chaweza kufaa kwa bwawa, ilimradi pawe na bomba la pembeni la maji safi ya kunywa kwa watoto wenye kiu. Mjenzi atakayekuja Arusha aanze kutafuta huko, asianze kwenye bomba la mji.

NANI ATAINGIA?

Mwisho tufikie mlango wenyewe. Mtelezo ulio salama na wenye kiingilio kisichofikiwa na mfanyakazi ni pambo la mji. Mtoto wa mama ntilie ataupita nje ya ukuta, atasikia vicheko, kisha atarudi kwenye gome lake la mgomba kando ya mto.

Wako wasemao kwamba michezo ya namna hii haiwezi kuendeshwa ila na tajiri kwa ajili ya matajiri. Zanzibar imetoa jibu tofauti. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, yaani akiba ya wafanyakazi wenyewe, uliweka fedha katika viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo mjini Unguja na Tibirinzi huko Chake Chake, Pemba. Fedha za wafanyakazi zikawarudia watoto wa wafanyakazi kwa njia ya furaha, na viwanja hivyo siku za sikukuu huwa mali ya mji mzima. Tanzania Bara nayo haishindwi kujenga vitu vikubwa. Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000 katika kata ya Olmoti hapa Arusha, kwa ajili ya Mashindano ya Mataifa ya Afrika ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuyaandaa kwa pamoja. Ikiwa twaweza kuwajengea watu 30,000 mahali pa kutazama wengine wakicheza, haitushindi kuwajengea watoto mia chache mahali pa kucheza wenyewe.

Kwa hiyo, siku mtu yeyote, awe serikali, mfuko wa wafanyakazi, chama cha ushirika au tajiri wa nje, atakapoleta ramani ya mitelezo ya maji Arusha au mji mwingine wowote wa nchi hii, madiwani, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wananchi wamwulize maswali matano, tena wadai majibu ya maandishi.

Kwanza: ni mhandisi gani aliyesajiliwa aliyetia sahihi ramani hii, na ni kiwango kipi alichokifuata?

Pili: nani atakayeikagua kabla ya kufunguliwa na kila mwaka baada ya hapo, naye mkaguzi analipwa na nani?

Tatu: ni watu wangapi wataruhusiwa kwa wakati mmoja siku ya Idi na Krismasi, na nani mwenye amri ya kufunga mlango?

Nne: waokoaji ni wangapi, wamefundishwa wapi, zamu zao ni za saa ngapi, na mshahara wao ni wa kazi ya kuchunga roho za watu au wa kibarua?

Tano: maji yatatoka wapi, na ni siku zipi watoto wa shule za kata wataingia kwa kiingilio ambacho mzazi mwenye mshahara wa kima cha chini aweza kukilipa?

Mjenzi mwema hatachukizwa na maswali haya. Atayajibu kwa fahari, maana ndiyo yatakayomtenganisha na mlaghai. Akiyakwepa, arudishiwe ramani yake aende nayo.

Ndugu wananchi, hatuogopi mitelezo, na twatamani kuiona. Twatamani Jumapili moja seremala wa Levolosi na dada wa kiwandani wakae kivulini, Meru ikiwa juu yao, wakiwatazama watoto wao wakipanda ngazi kwa woga na kutokea chini kwa kicheko. Ili siku hiyo ifike salama, anzeni kuuliza sasa: katika mikutano ya mtaa, katika baraza la madiwani na katika vikao vya vyama vya wafanyakazi. Maswali yaulizwe wakati msingi haujachimbwa, kwa maana baada ya msiba kinachobaki ni kuhesabu waliokufa.